UBAYA WA KUMWAGA CHAKULA, NA DESTURI ZA KUKIHIFADHI NYUMBANI

Somo kwa wenye nyumba wa Bondeni, Kyela

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha mvua juu ya ardhi ikatoa nafaka na matunda, akalifanya ziwa kuwa hazina ya kitoweo kwa waja wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Hakika nchi ya Bondeni ni nchi iliyoneemeshwa. Imelala tambarare, milima ya Rungwe iko kaskazini yake, milima ya Livingstone iko mashariki, na kusini yake ni Ziwa Nyasa. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani ikaleta maji na udongo mpya, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mchele wa Kyela unajulikana kwa harufu yake nzuri hata Dar es Salaam, na wanunuzi huuulizia kwa jina. Migomba husimama nyuma ya nyumba, na katika usiku usio na mwezi taa za wavuvi wa usipa huonekana majini kama taa za mji.

Lakini juu ya neema hii, mwenye kupita katika nyumba nyingi mwezi wa Februari au Machi, hali mpunga mpya ungali kijani shambani, ataona jambo la kuhuzunisha. Ataona magunia yamekunjwa matupu, na mwenye nyumba akienda kwa jirani au kwa mwenye duka kukopa mchele, ili aulipe wakati wa mavuno kwa kipimo kikubwa kuliko alichokopa. Na mwenye nyumba huyo huyo, mwezi wa Julai na Agosti, mpunga ulipokuwa tele, alikuwa akimwaga wali jalalani kila asubuhi, wala hakuona kwamba kitu anachokimwaga Julai ndicho atakachokitafuta Februari. Kusudi la somo hili ni kuyaweka mambo mawili hayo pamoja mbele ya macho, ili ijulikane kwamba sehemu ya njaa ya masika hutoka katika chungu cha kiangazi.

HESABU YA SAHANI MOJA

Watu husema, Haba na haba hujaza kibaba. Maneno haya ni kweli, na kweli yake ina upande wa pili usiosemwa, nao ni kwamba haba na haba hukimaliza kibaba vilevile. Mtu akipoteza gunia zima kwa siku moja, likaanguka mtoni kutoka katika mtumbwi, atalia na majirani watakuja kumpa pole. Lakini akilipoteza kwa ukufi baada ya ukufi hapana aliaye, kwa kuwa hapana aonaye.

Na ifanywe hesabu. Nyumba moja ikimwaga kila siku robo kilo ya wali uliopikwa, nayo ni kadiri ya sahani moja ya mtoto, pamoja na ukoko uliobaki chunguni, basi kwa siku 365 itakuwa imemwaga kilo 91 na robo. Kilo moja ya mchele hutoa wali wa kilo mbili na nusu hata tatu. Kwa hiyo wali ule ulitoka katika mchele usiopungua kilo 30. Na mpunga ukikobolewa hutoa mchele kiasi cha theluthi mbili tu ya uzito wake; kwa hiyo mchele ule ulitoka katika mpunga wa kilo 45 au zaidi. Basi sahani moja ya mtoto kwa siku ni karibu ya nusu ya gunia la kilo 100 kwa mwaka. Mtu alilima nusu ya gunia ile, akaipalilia akiwa amesimama majini, akaamia ndege, akavuna, akaibeba, akalipa fedha ya mashine, akanunua kuni au mkaa wa kuipikia, kisha akaimwaga.

Wala jambo hili si la Bondeni peke yake. Umoja wa Mataifa, katika taarifa ya Shirika lake la Mazingira iliyotoka mwaka 2024, ulikadiria kwamba katika mwaka 2022 watu wa dunia walitupa chakula tani bilioni 1.05 katika nyumba, mikahawa na maduka, na kwamba katika kila sehemu kumi za chakula hicho, sehemu sita zilitupwa majumbani. Kwa kuwagawia watu wote wa dunia, kila mtu alitupa nyumbani kilo 79. Na mwaka huo huo watu wapatao milioni 783 walikuwa katika njaa. Basi asidhani mtu kwamba kumwaga chakula ni ada ya matajiri wa Ulaya tu, kwani taarifa ile ilieleza ya kuwa tofauti baina ya nchi tajiri na nchi za kipato cha kati katika nyumba za watu si kubwa kama ilivyodhaniwa.

MAANA YA ISRAFU

Wanavyuoni wamepambanua baina ya mambo mawili. Israfu ni kuvuka mpaka katika jambo lililo halali, kama kupika na kula kupita haja. Tabdhiri ni kuitoa mali mahali pasipostahili, ikapotea bila manufaa. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, watu wameruhusiwa kula na kunywa, na papo hapo wakakatazwa israfu. Na katika Sura ya Al-Israa, aya ya 27, wabadhirifu wamehesabiwa kuwa ni ndugu wa mashetani, na hili ni neno zito sana.

Na iliyo karibu zaidi na mkulima ni aya ya 141 ya Sura ya Al-Anaam, maana ndani yake zimetajwa mimea na nafaka, ikaamriwa kula katika matunda yake, na kutoa haki yake siku ya kuvunwa kwake, kisha ikakatazwa israfu. Kwa hiyo siku ya mavuno ina mambo matatu yaliyofungwa pamoja: kula, kutoa haki ya masikini, na kutovuka mpaka. Mwenye kushika mawili ya kwanza na kuliacha la tatu hajaishika amri yote.

KUPIMA KABLA YA KUPIKA

Mlango wa kwanza wa upotevu uko penye chungu, nao ni kupika kwa kukisia. Mpishi hutia mkono guniani, akachota mara tatu au nne, akasema, Yatosha. Siku moja hupungua watoto wakalala na njaa, na siku kumi huzidi, na kilichozidi humwagwa. Dawa yake ni kibaba, au kopo moja lililo maalumu, lisilotumiwa kwa kazi nyingine, likae juu ya gunia daima. Nyumba ijue idadi ya makopo yake kwa watu wake; na siku ambayo wawili wamesafiri, kopo lipunguzwe. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaagiza watu wapime chakula chao, akawaambia kwamba watabarikiwa kwa kukipima. Basi kupima si uchoyo wala si umasikini, bali ni mlango wa baraka.

Wala si haki lawama yote imwangukie mama wa nyumba. Mara nyingi bwana ndiye anunuaye fungu la samaki kubwa kuliko haja kwa sababu bei ilikuwa nzuri jioni ile; au hula mgahawani na marafiki asipeleke habari nyumbani, sehemu yake ikalala chunguni; au hukasirika akiwekewa chakula cha jana hali ni kizima, hata mama akaogopa kukihifadhi. Chungu ni cha nyumba nzima, na kukihifadhi chakula ni kazi ya nyumba nzima.

KUPAKUA KIDOGO NA KURUDIA

Mlango wa pili uko penye sinia. Mtoto hupakuliwa sahani ya mtu mzima, akala nusu, na nusu iliyobaki imekwisha kutiwa mchuzi na mikono, haiwezi kuwekwa. Apakuliwe kidogo kwanza, na ajue kwamba akitaka tena atapewa. Kwani kilichobaki chunguni ni chakula, bali kilichobaki sahanini huwa takataka. Na watoto wafundishwe adabu iliyopokewa katika Sahihi ya Muslim, ya kuiokota tonge iliyoanguka, kuondoa uchafu ulioishika na kuila, na kusafisha sahani, kwa kuwa mlaji hajui baraka imo katika sehemu gani ya chakula chake. Mtoto aliyezoea adabu hii akiwa na miaka mitano hatahitaji kufundishwa hesabu ya nusu gunia akiwa na miaka thelathini.

KIPORO NA HATARI ZAKE

Hapana ubaya kubakisha chakula cha asubuhi. Kiporo cha wali pamoja na chai ni chakula cha wengi, na mbalaga ya ndizi iliyobaki hupashwa moto ikaliwa. Lakini Bondeni ni nchi ya joto na unyevu, na chakula kilichopikwa huharibika hapo upesi kuliko kwenye baridi ya Tukuyu. Khasa wali una hatari yake: ukiachwa chunguni ukiwa vuguvugu usiku kucha, huota vijidudu vitoavyo sumu isiyokufa kwa kupashwa moto, mlaji akatapika na kuharisha.

Basi njia iliyo salama ni hii. Wali uliobaki utandazwe katika sinia pana upoe upesi, usiachwe katika chungu kizito kilichofunikwa ungali moto. Ukiisha kupoa ufunikwe vizuri, uwekwe mahali pa baridi kuliko pote nyumbani. Na mwenye jokofu autie humo. Asubuhi upashwe hata uwe moto kabisa, si vuguvugu. Uliwe wote, wala usirudiwe mara ya pili. Na ajue mwenye nyumba isiyo na jokofu kwamba kuhifadhi wali kuliko bora ni kutoupika kupita haja. Kuvifunika vyombo wakati wa usiku ni mafundisho yaliyopokewa katika hadithi tangu zamani, na mwenye kuyashika huepukana na nzi, mende na panya pia.

Na chakula kilichobadilika harufu au kuota ukungu kisiliwe kwa hofu ya israfu, kwani kuhifadhi chakula si kujitia katika maradhi. Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara walipatwa na ugonjwa wa sumukuvu kwa kula mahindi yaliyoota ukungu, na baadhi yao wakafa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Kwa sababu hiyo kazi ya mwenye nyumba ni kuzuia chakula kisiharibike, si kukila kikiisha kuharibika.

MPUNGA NA USIPA

Watu husema tena, Akiba haiozi. Lakini katika Bondeni akiba huoza, isipokaushwa. Mpunga huvunwa toka mwezi wa Mei, hali mvua hazijaondoka vizuri, na mwenye haraka huutia guniani ungali na maji ndani yake. Baada ya mwezi mmoja gunia huwa na joto, mchele hugeuka rangi, na harufu ile njema iliyousifisha hupotea. Mpunga utandazwe juu ya turubai au jamvi, si juu ya ardhi tupu, ugeuzwe mara kwa mara, na ufunikwe mvua ijapo. Wala usichomwe na jua kali la adhuhuri kwa tabaka nyembamba mno, kwani punje hupasuka ndani na mashineni hutoka chenga. Ukavu unaofaa ni maji yasiyozidi sehemu 14 katika 100. Kisha magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ili unyevu wa sakafu usipande. Na mwenye uwezo atumie mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo wadudu hufa ndani yake bila dawa.

Na katika khabari za Nabii Yusufu, amani imshukie, katika Sura ya Yusufu, aya ya 47, kuna fundisho la hazina: aliwaelekeza watu wa Misri wakiache walichokivuna katika mashuke yake, isipokuwa kidogo watakachokula. Miaka saba ya shibe iliwavusha miaka saba ya njaa, kwa sababu kilichohifadhiwa kilihifadhiwa kwa namna yake, na kilicholiwa kililiwa kwa kadiri. Mtu wa Bondeni hatakiwi kuvuka miaka saba. Anatakiwa kuvuka miezi minne tu, toka Januari hata Aprili.

Ama usipa, upotevu wake huwa mkubwa siku za mvua, watu wanapoupata kwa wingi hali jua halionekani. Ukianikwa mchangani hushika mchanga na huchelewa kukauka. Ukianikwa juu ya kichanja hupitiwa na upepo chini na juu, ukakauka upesi na ukawa safi. Katika upande wa Malawi wa ziwa hilo hilo, wako wachemshao usipa kidogo kabla ya kuuanika. Na mwenye nyumba aliyenunua fungu kubwa, akaona mawingu, asingoje kesho: aukaange au aukaushe kwa moshi usiku ule ule.

Na ndizi pia, mkungu ukikatwa mzima huiva wote kwa pamoja, nyumba ndogo isiweze kuumaliza. Chane za ziada zipelekwe kwa jirani zingali kijani. Na maganda ya ndizi, pumba na makapi si takataka, bali ni chakula cha mbuzi, ng'ombe na kuku. Na kisichofaa kwa mnyama kifukiwe shinani mwa mgomba kiwe mbolea.

MGENI NA KARAMU

Huenda mtu akasema, Nikipika kwa kipimo, na mgeni akaja ghafula, si nitafedheheka? Jawabu lake ni kwamba mgeni huwekewa mchele, si wali. Mchele uliomo katika chombo hungoja mgeni wa leo na wa mwezi ujao; wali uliokwisha kupikwa haungoji hata asubuhi. Nyumba iweke makopo mawili ya mchele na usipa mkavu kidogo kwa ajili ya ajaye, na moto ukokwe akiwa anapumzika. Tena imepokewa katika hadithi sahihi kwamba chakula cha wawili chawatosha watatu. Na mgeni mwenye akili hupenda sahani ndogo iliyotoka motoni kuliko sinia kubwa la tangu mchana.

Ama harusi, maulidi na khitima, hapo ndipo fakhari huvaa nguo za ukarimu. Mwenye shughuli huogopa kusemwa kwamba chakula chake kilipungua, basi hupika kwa watu mia tatu hali walioalikwa ni mia mbili. Na usiku mbwa hushiba kuliko mafukara. Dawa yake ni kuhesabu walioalikwa, kuwaweka wapakuzi wawili wenye busara, na kuwachagua tangu mwanzo watu wa kupeleka kilichobaki kwa wajane, wagonjwa na mayatima wa kijiji kabla ya magharibi, kingali kizima. Kwani kumpa masikini kilichoanza kuchacha si sadaka. Na katika Sura ya Al-Bakara, aya ya 267, watu wamekatazwa kukikusudia kibaya ili wakitoe, hali wao wenyewe wasingekipokea illa kwa kufumba macho. Na katika haki hii ya ujirani hapaulizwi dini ya mtu. Katika Bondeni Mwislamu na Mkristo wana mfereji mmoja na soko moja, na njaa ya Machi hubisha hodi katika nyumba zao zote.

Na Ramadhani yahitaji kutajwa peke yake. Mwaka 2025 iliangukia mwezi wa Machi, katika miezi ile ile ya ghala kupungua. Mwenye kufunga huona kwa macho ya njaa, akadhani alasiri kwamba ataweza kula muhogo, magimbi, uji, wali na samaki vyote pamoja. Akiisha kunywa uji na kula tende tatu, tamaa huondoka, na vyungu hubaki vimejaa. Mfungaji asiamrishe chakula kwa tumbo la saa kumi, bali kwa kipimo cha siku zote.

KHULASA YA SOMO

Desturi zilizotajwa si ngumu, wala hazihitaji fedha. Ya kwanza, kopo moja la kupimia likae juu ya gunia. Ya pili, wapakuliwe watu kidogo, na atakaye arudie. Ya tatu, kilichobaki kipozwe upesi, kifunikwe, kipashwe moto kabisa, na kiliwe asubuhi ile. Ya nne, mpunga na usipa vikaushwe barabara kabla ya kuwekwa. Ya tano, ziada ipelekwe kwa jirani ingali njema. Ya sita, karamu ipikwe kwa idadi ya watu, si kwa kadiri ya fakhari.

Na mwenye nyumba atakaye kuijua kweli ya maneno haya, na ajaribu kwa siku saba. Kila asubuhi, kabla ya kumwaga kitu chochote, akitie katika chombo kimoja akitazame, ajue ni kadiri gani. Na siku ya saba ahesabu jumla. Kisha aende penye magunia yake, ayahesabu, na ahesabu miezi iliyobaki hata mavuno. Hesabu mbili hizo zikiwekwa pamoja, chombo kile cha asubuhi kitamfundisha kuliko waraka huu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.